Sufuria, birika, buli au birika la stima: kipi ununue cha kupikia chai nyumbani Mombasa

Chai ya maziwa na chai ya rangi hazitaki chombo kimoja. Wengi hupotezea pesa hapo: wanaingia duka la vyombo Mwembe Tayari, wanaona birika la stima linang'aa, wanalibeba, na baada ya wiki wamerudi kwenye sufuria yao ya zamani kwa sababu chai ya nyumba yao ni ya maziwa na birika lile haliwezi kuipika. Kwa hivyo jibu tulitangulize, sababu zifuate.

Nyumba inayopika chai ya maziwa kila siku inunue sufuria nzito ya stenlesi ya lita 2 hadi 3 na chupa nzuri ya chai. Birika la stima lisubiri. Anayekunywa chai ya rangi, au turungi ya haraka kabla ya kwenda kazini, birika la stima na buli dogo vitamtosha, na sufuria atabaki nayo ya wali. Anayeishi chumba kimoja kwa meko ya gesi ya kilo 6 asinunue birika la aina yoyote kwanza: sufuria moja yenye mkono itamchemshia maji, itampikia chai na itampashia mbaazi. Nyumba ya wageni wengi, au ya watu wanaoamkia daku Ramadhani, iweke pesa zake kwenye chupa mbili kabla ya kitu kingine chochote.

Kupika chai ya maziwa: sufuria dhidi ya birika la jikoni

Birika la jikoni lina mlizamu, kifuniko na mkono usioungua, na kwa kumimina halina mpinzani. Ubaya wake huonekana wiki ya pili. Maziwa hupanda mpaka ndani ya mlizamu, hukauka humo, na hakuna mkono wala brashi ya kawaida inayofika. Kesho yake yale makavu yanalainika ndani ya chai mpya na kuipa harufu ya uchachu ambayo watu huilaumu kwa muuza maziwa. Mdomo wa juu nao ni mwembamba, huoni maziwa yanapoanza kupanda, na yakishapanda yanatokea kwenye mlizamu na kuzima moto wa gesi. Birika la jikoni ni la maji na chai ya rangi. Lipe kazi hiyo na litakaa miaka.

Sufuria ina mdomo mpana, unaona kila kinachotendeka, na inaoshwa kwa dakika moja. Kosa lake ni kumimina: sufuria zetu nyingi hazina mkono wala mdomo wa kumiminia, kwa hivyo chai huteremka ukutani na kumwagika mezani. Dawa yake ni kutumia upawa, au kununua ile yenye mkono mrefu na pembe mbili ndogo za kumiminia. Ukiipata, ichukue hata kama imezidi bei kidogo.

Ukubwa usiukadirie kwa macho. Chai ya lita 1 inataka sufuria ya lita 2. Maziwa yakipata moto, protini na mafuta hufanya utando juu, mvuke unakwama chini yake, kisha unaunyanyua wote kwa mpigo. Nafasi ile tupu ya juu ndiyo inayokupa sekunde za kupunguza moto. Kuweka mwiko juu ya mdomo wa sufuria husaidia kidogo kwa sababu hupasua mapovu yanapougusa, lakini hautashinda moto mkali.

Baina ya alumini na stenlesi, tazama kitako. Alumini nyembamba hupeleka moto haraka mahali pamoja, maziwa yanashika chini, na harufu ya kuungua haitoki kwa iliki wala kwa mdalasini. Alumini nzito haina tatizo hilo, na kwa chai ya maziwa inafaa kabisa. Stenlesi nyembamba ni mbaya kuliko alumini nzito, hilo lisemwe wazi, maana watu wanadhani kung'aa ndiko ubora. Stenlesi nzuri ina kitako cha tabaka, unakiona kwa chini kama kisahani kilichobandikwa, na ukiinyanyua unausikia uzito wake chini. Anayependa ndimu kwenye chai asiikamulie ndani ya sufuria ya alumini ikiwa motoni: asidi hula alumini na chai hupata ladha ya chuma. Ndimu ikamuliwe kwenye kikombe.

Utaratibu wa chai ya maziwa ya vikombe vinne ni huu. Bandika maji matamu mililita 550. Tia tangawizi mbichi iliyopondwa, kipande cha ukubwa wa pingili ya kidole gumba, iliki punje 4 au 5 zilizovunjwa kinuni pamoja na maganda yake, na kijiti kifupi cha mdalasini. Acha yatokote dakika 4 mpaka 5. Tia majani vijiko vya chai vitatu, dakika 2. Kisha maziwa mililita 500, yaani pakiti moja ya nusu lita. Ongeza moto mpaka yapande, punguza, yapande tena, punguza, halafu acha moto mdogo dakika 3 hadi 5. Maji yamezidi maziwa kidogo kwa makusudi, kwani sufuria pana hupoteza sehemu yake kwa mvuke.

Tangawizi haitangulii kwa mazoea tu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa; ukiitia pamoja na maziwa ya vuguvugu, maziwa yanakatika na kuwa vibonge. Ikitokota kwenye maji kwanza, kimeng'enya kile kinakufa. Maziwa yakikatika hata baada ya hapo, basi yalikuwa yameanza kuchacha, na kwa joto la Mombasa maziwa mabichi ya kupima hayangoji sana nje ya friji. Chemsha kijiko kimoja peke yake kwenye kikombe cha chuma kabla ya kuharibu sufuria nzima. Maziwa ya pakiti ya kukaa muda mrefu ni salama zaidi kwa hili, ingawa chai yake ina utamu kama wa maziwa yaliyopikwa ambao si kila mtu anaupenda.

Sukari itiwe kwenye kikombe au baada ya kuipua. Ikichemka pamoja na maziwa kwenye kitako chembamba huongeza kushika chini, na isitoshe, nyumba nyingi siku hizi zina mtu mmoja asiyetumia sukari.

Jamaa wa Nairobi akikupa vipimo vyake, punguza majani. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na maji yake huchemka kwenye nyuzi kama 94 au 95. Hapa usawa wa bahari maji yanafika 100, na majani yaleyale yanatoa rangi na ukali haraka zaidi.

Birika la stima

Kwa maji matupu, halishindiki. Tazama lita 1 ya maji yanayotoka kwenye mfereji yakiwa nyuzi 28 hivi:

| | Birika la stima, wati 2,000 | Meko ya gesi | Seredani |
|---|---|---|---|
| Muda wa kuchemka | dakika 3 | dakika 6 hadi 8 | dakika 10 au zaidi, baada ya makaa kushika |
| Matumizi | uniti 0.1 hivi | gesi gramu 13 hadi 15 | makaa ya kuwasha jiko zima |
| Chai ya maziwa | haifai | inafaa sana | inafaa, ila moto haupungui upendavyo |
| Stima ikipotea | huna chai | hakuna tatizo | hakuna tatizo |

Linganisha mwenyewe kwa bei za mtaani kwako: uniti moja ya tokeni huchemsha karibu lita 10, kilo moja ya gesi huchemsha kama lita 70, ikiwa upepo wa dirishani hausukumi moto pembeni. Chai ya maziwa ya lita 1, pamoja na kule kutokota, hula gramu 22 hadi 25 za gesi. Seredani haina maana kwa vikombe viwili. Ina maana pale makaa yamekwisha kuwaka kwa mbaazi au mkate, na chai inabandikwa juu ya moto uliobaki. Na isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wa makaa usioonekana unaua.

Maziwa yasiingie ndani ya birika la stima. Kitako chake ni moto mkali usiopungua, protini zinaungua papo hapo na kuganda kama gamba la kahawia. Juu ya hayo, swichi ya kujizima hufanya kazi kwa mvuke unaopita njia ndogo kwenda kwenye kibamba cha metali nyuma ya mkono. Povu la maziwa likiziba njia ile, birika halizimi, linafurika mpaka kwenye kiti chake chenye nyaya. Sababu hiyohiyo inaeleza kwa nini birika lenye kifuniko kisichobana halijizimi hata kwa maji: mvuke unatoka juu badala ya kufika kwenye swichi.

Dukani fungua kifuniko utazame ndani. Kitako kiwe bapa, koili isionekane. Koili iliyo wazi hushika chumvi na haisuguliki. Ndani pawe stenlesi mpaka juu. Yale yenye plastiki ndani hutoa harufu kwenye maji ya mwanzo mwanzo na mengine hayaachi kamwe. Angalia springi ya kifuniko, kwa sababu hewa ya bahari huila kwanza. Soma wati kitakoni: 2,000 kwa umeme wetu wa volti 240 ni ampea 8 na kidogo, kwa hivyo lichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba yenye chaja za simu, feni na friji inaweza kuyeyuka. Usiwashe maji yakiwa chini ya alama ya chini, kawaida nusu lita.

Kuna pia ile koili ya kutumbukiza kwenye kikombe au ndoo, rafiki wa vyumba vya wanafunzi. Ni rahisi kwa bei na tunaikataa: haijizimi, ikikauka inapasuka, na mikono yenye maji karibu nayo ni hatari.

Maji yanaweza kuamua chombo

Hili hapa Mombasa lina uzito kuliko chapa ya birika. Maji matamu, yawe ya mfereji yanayotoka Mzima, Marere au Baricho, au yaliyoletwa kwa mkokoteni kwenye mitungi ya lita 20, ndiyo ya chai. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi hutumia kwa kuoshea na kufulia, hufanya mambo matatu. Huipa chai ladha ya chumvi isiyofichwa na sukari. Chokaa yake huungana na kemikali za majani na kuleta utando unaong'aa juu ya turungi, ule unaoshika ukuta wa kikombe kama mafuta. Na chumvi yenyewe hutoboa stenlesi polepole: utaona vidoa vya kutu pembeni mwa kitako, kisha siku moja maji yanavuja kwenye kiti cha birika.

Kama huna hakika na maji ya bombani kwako, chemsha birika mara tatu nne ukaangalie ndani. Vumbi jeupe linalosugulika kwa kidole ni chokaa. Litoe hivi: jaza maji nusu, kamua ndimu 3 au 4 au tia siki nusu kikombe, chemsha, zima, liache nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili na kuyamwaga. Usikwangue kwa waya wa chuma. Mikwaruzo ndiyo inayotangulia kutu.

Mwenye maji ya chumvi pekee afadhali abaki na sufuria au birika la alumini la jikoni. Likitoboka, hasara yake ni ndogo.

Buli linafaa nani

Kwa chai ya maziwa ya kupika, buli ni pambo la meza. Kwa chai ya rangi ni chombo cha kweli, kwa sababu majani yanakaa kwenye maji yaliyokwisha kutoka motoni na hayaendelei kutokota na kutoa uchungu. Lisuuze kwanza kwa maji ya moto, tia kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe cha mililita 200, mimina maji yanayochemka, funika dakika 3 mpaka 4, kisha mimina yote. Ukibakisha chai juu ya majani, kikombe cha pili kitakuwa kikali mpaka ulimi ukauke. Ladha ile haiondoki kwa kuongeza maji ya moto.

Chagua la kauri au la kioo lenye kichujio cha ndani kinachotoka, cha stenlesi, kipana cha kutosha majani kutanuka. La kioo lisibandikwe motoni isipokuwa limeandikwa kuwa linahimili. La enameli ni zuri mpaka linapobanduka rangi. Likibanduka kwa ndani, kutu inaingia kwenye chai, litupe au lifanye la maua. Usiku wa Mombasa hauna baridi ya kukuhangaisha, kwa hivyo lile vazi la kitambaa la kufunikia buli unaweza kuliacha dukani.

Chupa: hapa usibane pesa

Chai iliyopikwa vizuri ikaingia chupa mbovu ni kazi bure. Chupa ni za aina mbili kwa ndani. Za kioo chenye ukuta maradufu huhifadhi joto vizuri sana na hazishiki harufu, lakini zikianguka zimekwisha, isipokuwa kwa chapa ambazo kioo chake cha ndani huuzwa peke yake. Za stenlesi zinavumilia watoto na safari, ila zile rahisi hazina ombwe la kweli, yaani nafasi isiyo na hewa, baina ya kuta. Ni bati mbili zenye hewa katikati. Kipimo ni kimoja kwa aina zote: mwombe mwenye duka maji ya moto, jaza, funga, ngoja dakika 10, shika nje. Ikiwa na joto kwa nje, ombwe halipo. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Baina ya chupa ya kubonyeza na ya kumimina, hapa watu hukosea sana. Ya kubonyeza ina mrija mrefu ndani na vali ya mpira, na maziwa hukaa humo kama yanavyokaa kwenye mlizamu wa birika. Inafaa maji ya moto na turungi. Chai ya maziwa iende kwenye chupa yenye kizibo cha kufungua, mdomo mpana wa mkono au angalau brashi kuingia.

Ukubwa: watu watano, vikombe viwili viwili vya mililita 200, ni lita 2. Ukinunua ya lita 3 ukawa unaijaza nusu, hewa iliyo juu inakula joto na chai inapoa mapema. Ndiyo maana nyumba kubwa inafaa zaidi kuwa na mbili za lita 1.5 kuliko moja ya lita 3. Ya pili haifunguliwi mpaka ya kwanza iishe. Kwa daku ni hivyohivyo. Anayepika saa nne usiku ili anywe saa kumi alfajiri aipashe chupa kwa maji yanayochemka dakika 5, ayamwage, amimine chai ikiwa bado inatokota, iliyochujwa, mpaka chini kidogo ya kizibo. Chai ya maziwa ikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaana. Ikitoka vuguvugu, imwage. Kuichemsha upya kunarudisha joto, hakurudishi usalama wote.

Chupa inayonuka ioshwe kwa kijiko cha mchele mbichi, vijiko viwili vya siki na maji ya moto robo chupa. Zungusha, usipige kama ngoma, hasa ya kioo. Suuza, iache wazi kichwa chini mpaka ikauke. Chupa iliyofungwa ikiwa na majimaji ndani hupata kuvu kwenye kizibo kwa siku mbili tu kwa unyevu wetu. Na ya kioo isitoke kwenye barafu ya juisi kuingia kwenye chai ya moto.

Chujio na majani

Majani ya chai ya Kenya tunayoyanunua madukani karibu yote ni ya kusagwa na kuviringwa kwa mashine, vipunje vyeusi vidogo. Kwenye mnada wa chai wa hapahapa Mombasa hupangwa kwa madaraja: BP1 ni vipunje vikubwa, PF1 vinafuata, kisha PD na D1 ambavyo ni vidogo kama mchanga. Pakiti nyingi za dukani hazikwambii daraja, lakini ukimwaga kijiko kwenye sahani nyeupe utaliona. Vikubwa vinafaa buli. Vidogo vinafaa sufuria ya maziwa: hutoa rangi haraka na nguvu ya kusimama mbele ya maziwa na tangawizi.

Chujio lilingane na majani. La plastiki lenye wavu wa nailoni ni rahisi, linatosha kwa vipunje vikubwa, lakini ukingo wake ukigusa sufuria ya moto unajikunja na nailoni inaachana na plastiki. Kwa majani madogo nunua la stenlesi lenye wavu mwembamba, kipenyo cha sentimita 8 hivi, lenye masikio mawili ya kukaa juu ya mdomo wa chupa ili mkono mmoja ushike sufuria na mwingine uwe huru. Ligonge papo hapo likiwa bado na maji, kwa sababu majani yakikauka kwenye wavu utayachokonoa kwa kijiti cha meno. Majani yenyewe yatoe kwenye pakiti ya karatasi siku unayoifungua, yaingie kopo kavu lenye kifuniko kinachobana, na yasikae kabati moja na karafuu na bizari zilizonunuliwa Marikiti, maana chai hunyonya harufu, na asubuhi utakunywa pilau.